Kumsomea Mtu Asiyetaka Kusomewa

Zuhura mwanangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu itangulie mbele yako, na nyingine ibaki nasi hapa Rumonge.

Mkono unaoandika ni wa mama yako, maneno ni yangu. Wewe umekwenda Kizuka na shangazi yako kumuaga bibi, nasi tumeona tuandike sasa hivi, kwa sababu ukiwa nyumbani utachungulia. Alasiri imeingia, jua liko upande wa ziwa, nalisikia usoni hapa barazani. Nimemwomba mama yako aandike kila nitakalosema hata kama halipendi. Amenijibu kwamba ataona.

Habari za koti na baridi ya Ujerumani, za kutunza pasi yako, za sala na chakula, umeshaambiwa na mtaa mzima. Hata muuza mkaa alikuja jana kukueleza habari za theluji ambayo hajawahi kuiona. Sina la kuongeza hapo. Nataka nikuandikie juu ya neno moja, lile ulilolileta kutoka Bujumbura kwenye masomo yako ya Kijerumani. Mama yako amelinakili herufi kwa herufi kutoka kitabu chako: vorlesen. Unalitamka forlezen. Sijui kama wenyewe Wajerumani wanalipenda neno hilo kama ninavyolipenda mimi, lakini nadhani mtu halipendi neno mpaka limfanyie kazi.

Unajua macho yangu yalivyoondoka, lakini unajua kwa nje tu. Daktari aliuita ugonjwa huo presha ya macho. Ilianzia pembeni. Niliuona msumari niliokuwa naupiga, ila sikumuona mtu aliyesimama ubavuni. Nilikuwa bado naunda mitumbwi ufukweni pamoja na Ramadhani, ambaye amekuwa mwenzangu wa kazi tangu sote hatujaoa. Mtumbwi wetu wa mwisho nilikuwa natia kalafati, ile pamba tunayoishindilia kati ya mbao ili maji yasipite. Niliifanya kwa vidole, nikaamini vidole vyangu vinatosha.

Siku moja nilikuja nyumbani kula, nikasahau kofia, nikarudi kabla ya wakati. Kabla sijafika nikasikia nyundo ya mti ikigonga upande wangu wa mtumbwi, ule niliokuwa nimeumaliza asubuhi. Ramadhani alikuwa anang'oa pamba yangu na kuitia upya. Nilielewa pale pale kwamba siyo mara ya kwanza. Kila nilipokwenda kula, yeye alibaki na njaa akirekebisha kazi yangu, nami nikirudi naisifu mikono yangu. Aliiweka nyundo chini, nami nikachukua kofia yangu nikaondoka. Kesho yake nikamwambia mgongo unanisumbua, nikamwachia vyombo vyote, tezo na randa na misumeno, na sikurudi tena.

Usimlaumu Ramadhani. Alinificha kwa mapenzi. Lakini nikuambie ukweli, mwanangu, ile siri yake iliniuma kuliko giza lenyewe. Mtu akikusaidia nyuma ya mgongo wako, siku utakapogeuka utakuta umeshaondolewa kwenye kazi yako mwenyewe na hukuagwa.

Baada ya hapo sikutaka msaada wa mtu. Unakumbuka nilivyokuwa. Mimi niliyezoea kukaa hapa barazani baada ya adhuhuri nikisoma yale magazeti ya zamani yanayokuja na boti za Kigoma yakiwa yamefungia bidhaa, nikawa nakaa mikono mitupu. Majirani walikuja kunisomea. Mmoja alinisomea kwa kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, maana watu wakijua huoni, wanadhani na masikio yamekwenda pamoja na macho. Mwingine alisoma mistari michache, kisha akaanza kunieleza kwa ufupi, kama mtoto, maana ya aliyosoma. Nikawaambia wote kwamba habari za dunia zimenichosha. Haikuwa kweli. Nilikuwa na njaa ya habari mpaka nikawa naokota vipande vya redio ya duka la jirani.

Wakati huo ndipo ulipoanza kuja kutoka Bujumbura kila Jumamosi. Ulikaa pale kwenye mkeka, ukasema, "Baba, mwalimu ametaka tusome kwa sauti mbele ya mtu. Nikusomee?"

Nikakujibu kwamba sijui Kijerumani hata cha kuombea maji.

"Hauhitaji kukijua," ukasema. "Wewe sikiliza tu. Nikisimama mahali pasipo pa kusimama, uniambie."

Hilo nililiweza. Mtu aliyegonga mbao maisha yake yote anajua kwa sauti palipo na mwanya. Ukaanza kusoma habari za yule bwana wa kitabu chako, Bwana Lutz, ambaye kila ukurasa anachelewa treni. Ulisoma sentensi nzima, kisha ukanipa maana yake kwa Kiswahili, kisha ukairudia. Nilikuwa nakusimamisha. "Hapo umekanyaga ubao uliolegea. Rudia." Nawe ukarudia. Juma zima nilikuwa namfikiria Bwana Lutz, kama safari hii atawahi. Mama yako hapa anacheka. Anasema nilimuombea dua. Sikumuombea dua. Nilisema tu kwamba mtu yule anahitaji mke wa kumwamsha.

Basi katika mojawapo ya Jumamosi hizo ukanifundisha neno lenyewe. Ulisema: lesen ni kusoma, vor ni mbele. Ukiyaunganisha, ni kusoma mbele ya mtu, kwa sauti, ili yeye asikie. Nikakuambia kwamba hata sisi tunalo: kumsomea mtu. Ukafikiri kidogo, ukakubali, lakini ukasema letu limebeba mizigo mingi. Kweli, tukaihesabu pamoja. Mgonjwa anasomewa dua. Mshitakiwa anasomewa mashitaka. Kijana anasomea udaktari, na hapo hakuna anayemsikiliza. Lao limeshika kazi moja: kuna mtu anayesoma, kuna mtu anayesikiliza, na kitabu kiko kati yao.

Nikakuuliza wanalitumia wapi. Ukasema kila siku, majumbani. Mzazi anamsomea mtoto kitandani kabla ya kulala, na mtoto ndiye anayedai: Liest du mir vor? Utanisomea? Mwalimu darasani anamwambia mwanafunzi asome barua kwa sauti, wote wasikie. Hata somo la chuo kikuu linaitwa Vorlesung kutokana na neno hilo hilo, kwa kuwa zamani mwalimu alisimama mbele akasoma, wengine wakaandika. Na katika nyumba za wazee, kama ile unayokwenda kujifunzia kazi, kuwasomea wazee magazeti au hadithi ni jambo la kawaida. Uliposema hilo la mwisho sauti yako ilishuka kidogo. Niliisikia, nikajifanya sikuisikia.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba neno hilo linakatika. Ukisema "ninakusomea", unaanza Ich lese dir, halafu unataja kitu unachosoma, gazeti au barua au hadithi ndefu kiasi gani, na kile kipande cha mbele, vor, kinasubiri mpaka mwisho kabisa wa sentensi. Yaani msikilizaji hana budi kungoja. Nikasema lugha hiyo inafaa kufundisha watu kama mimi, ambaye mwenzangu hajafika nusu ya maneno nimeshamjibu. Ukacheka, ukasema na Kiswahili kina ujanja wake: katika "nisomee" tumo sote wawili ndani ya neno moja, anayeomba na anayeombwa, hatuhitaji kusubiri kitu. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile.

Kuna na ndugu yake uliyenipa, verlesen. Ulikosea mahali, ukajisahihisha, ukasema, "Ich habe mich verlesen," nimekosea kusoma. Nikapenda kwamba wana neno dogo la kosa hilo. Mtu analisema na kuendelea na ukurasa, bila kuomba radhi kwa kirefu. Nami nakuambia kwamba nilikukosea kusoma wewe, na nilimkosea kusoma mama yako.

Nianze na wewe. Rafiki yako wa darasani alipokuja kututembelea, yule mrefu wa Kabezi, alikaa na mimi hapa, wewe na mama yako mkikaanga samaki wadogo wa ndagala ndani. Nikamsifu mwalimu wenu kwa kuwataka msome mbele ya wazazi. Binti wa watu akashangaa. Akasema hawakuambiwa hivyo kamwe. Wanafanya mazoezi wao kwa wao huko huko Bujumbura, na kila Ijumaa wanakuuliza kwa nini unawaacha. Hakujua alichokuwa anakisema, maskini.

Usiku ule sikula. Nilijiona niko tena ufukweni, nasikia ile nyundo. Nikasema, hata mwanangu. Nilikusudia Jumamosi ijayo nikukatalie. Lakini ilipofika ukakaa, ukafungua kitabu, ukaanza, na kwenye sentensi ya pili ukateleza pale pale ulipokuwa ukiteleza tangu mwanzo. Nikakusimamisha kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika. Ukarudia mara kadhaa mpaka ikanyooka, ukashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Nikajua kwamba kazi ile ilikuwa ya kweli. Ramadhani aliichukua kazi mikononi mwangu. Wewe ulikuja na kazi, ukaiweka humo. Kama ulitunga uongo kidogo ili uipitishe mlangoni, Mungu atakusamehe, mimi nilishakusamehe siku ile ile.

Sasa yale ya mwaka huu. Ulipopata barua ya kukubaliwa, ulitusomea hapa wote wawili, tukashukuru. Siku chache baadaye mama yako akaniambia maneno uliyomwambia jikoni: kwamba utawaandikia Wajerumani huendi. Alikuuliza sababu, nawe ukamjibu, "Nani atamusomea baba?"

Nikikulazimisha, utakwenda na moyo umebaki huku. Nikijifanya sihitaji kusomewa, hutaniamini, umeshanijua. Nikakaa na jambo hilo kama mtu aliyeshika ubao mrefu peke yake, hajui aweke wapi.

Aliyelishika upande wa pili ni mama yako. Sasa anataka kuacha kuandika. Mama Zuhura, andika, tulikubaliana.

Unajua mama yako aliishia darasa la pili. Vita vilipoanza walikimbilia Tanzania, na waliporudi Nyanza-Lac alikuwa msichana mkubwa, hakuna aliyemuuliza habari za shule. Katika ndoa yetu yote mimi ndiye niliyekuwa msomaji. Karatasi ikija, ananipa. Nilidhani kusoma hakumhusu, kama mimi nisivyohusika na kusuka ukili. Sikuwahi kumuuliza. Hapo ndipo nilipokosea kusoma.

Alasiri moja akachukua gazeti lililokuwa limefungia sabuni, akakaa kando yangu. Nikasikia karatasi inanyooshwa gotini. Akaanza. Alikuwa anasoma silabi kwa silabi, anashika moja, anaiacha, anaitafuta nyingine. Jirani yetu Mrundi aliwahi kuniambia kwamba kwao, kwa Kirundi, gusoma ni kusoma kitabu na pia ni kunywa kidogo. Basi mama yako alikuwa anakunywa ukurasa ule funda kwa funda. Ilikuwa habari ya mfugaji wa nyuki aliyefukuzwa nyumbani kwake na nyuki zake mwenyewe. Nami ubaya wangu ukaamka. Alipofika "m-fu-ga", nikamalizia "mfugaji". Alipofika "a-li-ki", nikasema "alikimbia". Nilidhani namsaidia. Mara ya tatu au ya nne nikasikia gazeti linakunjwa. Akanyanyuka, akaenda jikoni.

Nilikaa. Nikangoja arudi. Hakurudi. Nikasikia anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mwanangu, katika umri wangu wote sikuwahi kumwambia mtu "nisomee". Wewe uliniomba nikusikilize. Majirani walinisomea bila kuniuliza. Neno lenyewe halikuwahi kutoka kinywani mwangu, na siku ile niliona ni zito, ingawa mtoto wa Kijerumani analisema kila jioni kabla ya kulala. Nikainuka, nikashika ukuta mpaka mlango wa jikoni. Nikasimama kwenye moshi.

Nikamwambia, "Mama Zuhura, nisomee."

Akasema, "Utaningojea?"

"Nitakungojea."

"Mupaka mwisho wa neno?"

"Mpaka mwisho wa gazeti."

Akanishika mkono tukarudi. Akasoma habari yote ya yule mfugaji, na mwadhini akaadhini tukiwa bado hatujajua nyuki walikwenda wapi. Sikumalizia hata silabi moja. Ilikuwa kazi ngumu, mwanangu, ngumu kuliko kupinda mbao za mbavu za mtumbwi. Lakini nikagundua kitu. Anaposoma polepole vile, kila neno lina muda wa kufika. Mfugaji yule nilimuona kabisa, na kofia yake. Nilipokuwa nasoma mwenyewe nilikuwa nawapita watu mbio. Tangu siku ile kila alasiri anasoma, kisha anashika kalamu, ndiyo maana mkono wa barua hii ni wake.

Sikujua kwamba ulikuwa umesimama uani na ndoo yako. Mama yako alikuona, akaniambia baadaye. Asubuhi yake ulitusalimia, ukaniambia unakwenda kupeleka karatasi zako za safari Bujumbura. Hukusema sababu, nami sikuuliza.

Basi hayo ndiyo niliyotaka uyabebe. Huko uendako utakutana na wazee kama mimi. Wengine watakuambia hawataki kusomewa, magazeti yamewachosha. Usiwaamini haraka, na usiwashinde nguvu pia. Tafuta kazi ambayo mzee huyo bado anaiweza, umpe kwa haki. Wewe utakuwa mgeni wa lugha yao, utakosea, utakanyaga mbao zilizolegea kila siku. Usiwafiche. Kaa karibu, fungua gazeti lao, mwambie mzee, nikikosea unisahihishe. Huenda hajasahihisha mtu kwa miaka. Na asipotaka leo, mwache, uje tena kesho. Mimi nilihitaji Jumamosi nyingi.

Na ukiwa mpweke huko, maana upweke utakuja, usione haya kumwomba mtu. Mimi nimejifunza hilo nimeshazeeka, na mlangoni mwa jikoni.

Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka barabarani. Ramadhani amesema atakuja kukubebea begi, na nimemwambia nitashika upande mmoja wa begi hilo. Amekubali. Tumeanza kuongea tena, yeye na mimi. Juzi aliniletea ubao niupapase nimwambie kama umekauka. Haujakauka. Nilimwambia.

Nimemaliza. Baba yako anayekupenda.

*

Zuhura, hapa iko mama. Baba yako ameenda kutawaza, mimi niko naandika haya peke yangu. Usiangalie herufi zangu.

Yeye anasema nilichukua gazeti kwa sababu yako. Ni kweli, lakini siyo yote. Wakati tulikimbia, mutoto wa darasa la pili, nilikuwa nimebeba kitabu changu cha kusomea. Kwenye boti walisema vitu vingi vinazamisha, watu watupe. Nilitupa kitabu. Sikulia, wakubwa walikuwa wanalia. Tangu ile siku kila nikiona baba yako anasoma hapa barazani, nilikuwa nakaa karibu, nachambua mchele au nafanya nini, nikingoja aseme, kuja nikufundishe. Hakusema. Na mimi sikuomba. Tulikuwa wawili wasioomba, nyumba moja.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, na roho nyepesi. Usiseme umetuacha. Wewe unaenda kujifunza kule, mimi nimeanza kujifunza huku, na mwalimu wangu haoni lakini sasa anangojea.

Maneno haya sijawahi kumuambia. Yalinikatalia mdomoni miaka yote. Nimeona yakiwa kwenye karatasi ni mepesi, mtu anayafuata tu na kidole. Anarudi sasa, nasikia ndala zake. Anataka nimusomee barua yote ajue kama niliandika sawa.

Nitamusomea, na hapa kwenye maneno yangu pia sitaruka.